Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Imani na Ujasiri katika Utumishi Mgumu

Wapendwa wachungaji, wainjilisti, mashemasi, wazee wa makanisa, akina mama wa huduma na wanachama wote wa chama chetu cha watumishi hapa Malindi,

Bwana Yesu asifiwe.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka kabla ya mhazini kusoma hesabu na kabla ya uchaguzi kufanyika. Mwaka huu kamati tendaji imeniomba nisirudie orodha ya mikutano na ziara, kwa kuwa mambo hayo mmekwisha kuyapata katika taarifa ya katibu, na badala yake nizungumzie lile lililotawala karibu kila kikao chetu, nalo ni kukata tamaa kwa watumishi. Wapo waliotuandikia kwamba wanataka kuiacha kazi, wapo walioiacha bila kuandika lolote, na wapo wanaosimama madhabahuni kila Jumapili ilhali mioyoni mwao wamekwisha kuondoka. Sehemu kubwa ya kazi ya kamati ilikuwa kuwatafuta hawa wa mwisho, kwa sababu mtu wa namna hiyo hujibu “Mungu ni mwema” kila anapoulizwa hali, na mwulizaji huenda zake akiwa ameridhika.

Huwezi kueleza hali ya huduma katika eneo letu bila kuitaja Shakahola. Tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu ule ulioko magharibi ya mji wetu, miili zaidi ya 400 imepatikana, mingi ikiwa ya watoto, ya watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha mbele za Yesu. Miili ile ililetwa katika chumba cha maiti cha hospitali ya Malindi, na baadhi yenu mlikaa pale na familia zilizosubiri majibu ya vipimo vya vinasaba ili zijue ni yupi wa kwao. Kazi ile haikuwa na mahubiri. Ilikuwa kazi ya kuleta maji, kushika mkono wa mtu, kuandika majina na kunyamaza, na naamini kwamba waliofanya hivyo walimshuhudia Kristo kuliko sisi tulioitwa kutoa maoni mbele ya vipaza sauti.

Mzigo uliofuata umewaangukia watumishi ambao hawakuwa na hatia yoyote. Mchungaji wa kanisa dogo la mabati huko Langobaya au Marafa akitangaza mfungo wa siku tatu, majirani huuliza ana nia gani. Mwinjilisti akiomba chumba cha darasa kwa ibada ya vijana, mwalimu mkuu husita. Wako wenzetu waliosikia jina la Shakahola likitajwa kwa dhihaka wakiwa kituo cha bodaboda, wengine wakiwa na watoto wao. Wanachama kadhaa walitutaka tutoe tamko kali la kujitetea, lakini kamati ilikataa, nami nilikubaliana nayo kikamilifu. Mzazi anayeuliza mwanawe atalishwa nini na kufundishwa nini kanisani anauliza swali la haki, na mtumishi anayelichukulia swali hilo kama mateso kwa ajili ya Injili anajidanganya.

Kwa hiyo tuliwaomba wanachama watafute ujasiri wa aina nyingine, yaani ujasiri wa kuchunguzwa. Kila kanisa lililo chini ya chama liliombwa kuweka hati ya usajili mahali inapoonekana, kusoma hesabu za sadaka mbele ya washirika, kutowapokea watoto kwenye kesha bila wazazi wao, na kumpeleka hospitali kila mgonjwa anayeletwa kuombewa. Hilo la mwisho ndilo lililozua mjadala mrefu. Ndugu fulani, kwa moyo safi, walisema kwamba kumwelekeza mgonjwa kwa daktari ni kukiri kwamba maombi yetu hayana nguvu. Niliwajibu hivi, na narudia hapa ili liingie katika kumbukumbu. Mtume Paulo alisafiri na Luka, ambaye yeye mwenyewe anamwita tabibu mpendwa. Timotheo alipokuwa akiugua tumbo mara kwa mara, Paulo alimwagiza atumie divai kidogo, wala hakumwambia afunge zaidi. Na Eliya, alipojitupa chini ya mretemu akiomba afe, hakukemewa kwa upungufu wa imani; alipewa mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo akaambiwa safari iliyo mbele yake. Ikiwa Mungu alianza na chakula na usingizi kwa nabii wake, sioni kwa nini sisi tuanze na kitu kingine.

Juu ya mapendekezo ya kikosi kazi kilichoteuliwa mwaka 2023 kupitia sheria za mashirika ya dini, chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, nitasema machache. Makanisa yana haki ya kuhofia sheria inayoweza kutumiwa vibaya, na hofu hiyo ipelekwe kwa njia zinazostahili. Lakini kanisa lenye vitabu safi lina sababu chache za kuogopa mkaguzi.

Eneo jingine ambalo limewachosha wenzetu, hasa wa Ganze na Magarini, ni mauaji ya wazee wanaosingiziwa uchawi. Mnajua jinsi linavyoanza: kijana anafariki, au mvua zinakatika, mtu anakwenda kwa mganga, jina linatajwa, na mara nyingi mwenye jina hilo ana shamba ambalo wengine wanalitamani. Wako wazee wanaopaka mvi zao rangi nyeusi ili wasitambulike kuwa wazee, na wako waliokimbilia Kaya Godoma kupata hifadhi. Miaka ile ya ukame, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita bila mavuno ya maana, lawama za namna hii hazikupungua, kwa maana njaa hutafuta mtu wa kulaumiwa.

Mtumishi anayehubiri kwenye matanga ya familia kama hiyo yuko mahali pagumu. Walioketi mbele yake ndio wanaomlisha, na pengine yule anayepanga kumdhuru babu yake ndiye mwimbaji wa kwaya. Akisema wazi kwamba mzee hana hatia, ataambiwa kwamba yeye pia amenunuliwa. Akinyamaza, anaweza kuitwa tena baada ya wiki chache kwa mazishi ya pili. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja kwa ajili ya usalama wake, alichagua kusema. Hakusema peke yake. Alikwenda kwanza kwa chifu, akaongea na wazee wa mtaa, akawaomba wachungaji wawili wa madhehebu mengine waje kuketi naye siku ya matanga, ndipo akasimama. Mzee yule yuko hai, ingawa anaishi kwa binti yake mbali na shamba lake. Nimesimulia hili kwa urefu kwa sababu mara nyingi tunaeleza ujasiri kana kwamba humshukia mtu ghafla, ilhali huyu aliujenga kwa siku kadhaa, mtu kwa mtu, na usiku wa kuamkia matanga bado alikuwa akitetemeka, kama alivyotueleza mwenyewe.

Kamati pia iliwatembelea wenzetu wa Lamu. Wanaoifahamu barabara ya Garsen kuelekea Witu na Hindi watakumbuka jinsi magari yalivyokuwa yakisafiri kwa msafara chini ya ulinzi, na jinsi abiria wanavyonyamaza yanapokaribia Nyongoro. Mpeketoni ilianza kama mpango wa makazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikapokea familia nyingi kutoka bara, na kwa sababu hiyo uchungu wa ardhi, wa siasa na wa dini umechanganyika pale kwa namna ambayo mgeni hawezi kuitenganisha. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 mji ule ulivamiwa, na katika siku mbili watu zaidi ya 60 waliuawa pale na katika vijiji jirani. Mapema Julai ikawa zamu ya Hindi. Mashambulizi madogo madogo yameendelea tangu hapo, kiasi kwamba mtumishi wa huko hahesabu tena miaka ya amani bali misimu.

Tuliwakuta wenzetu hao wakifanya jambo ambalo sikulitarajia. Ibada zao za jioni wamezihamishia mchana, mikutano ya maombi inafanywa katika nyumba za watu kwa zamu, na habari za usalama wanapashana na maimamu wa jirani zao, ambao nao wamewazika watu wao. Yapo mahubiri yanayowagawa watu wa pwani katika kambi mbili, nayo huvutia umati. Nawasihi wanachama wasiyapokee. Desemba 2015, basi lilipotekwa Mandera, abiria Waislamu walikataa kujitenga na Wakristo ingawa waliamriwa kwa mtutu wa bunduki, na Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi akafariki mwezi uliofuata. Kama tunatafuta mifano ya ujasiri nchini Kenya, hatuwezi kuufunika huo kwa sababu haukutoka katika safu zetu.

Wapo waliotuuliza kama watumishi wa kwanza wa pwani hii walikuwa na imani kubwa kuliko yetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Miaka miwili baadaye alipata mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakahamia Rabai. Na kwa miaka mingi matunda yao yalikuwa haba mno, mtu wa kwanza kuitikia akiwa Mringe, kiwete aliyekuwa mgonjwa. Sioni katika habari hizo watu wasiojua huzuni. Karibu na kwetu zaidi iko habari ya Fuladoyo, bara ya pwani yetu, ambako Wakristo Wagiriama waliwapokea watoro waliokimbia utumwa wa mashamba ya pwani. Kwa ajili ya kazi ile David Koi aliuawa mwaka 1883. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanamjua Krapf na hawamjui Koi, jambo ambalo idara ya mafundisho inapaswa kulirekebisha mwaka ujao.

Nikiyatazama yote hayo pamoja, naona kwamba watumishi waliosimama mwaka huu si wale wenye sauti kubwa wala wenye tabia ya ushupavu. Ni wale waliokuwa na mtu wa kumwambia ukweli. Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni na akijua mwisho wake umekaribia, alimwandikia Timotheo aje upesi, amletee joho aliloliacha Troa na vile vitabu, na akaeleza bila kuona haya kwamba Luka peke yake ndiye aliyebaki naye. Mtume aliomba joho. Wengi wetu tungemwambia mshirika anayeomba blanketi kwamba tutamkumbuka katika maombi.

Ndiyo sababu kamati ilianzisha utaratibu wa watumishi wawili wawili, ambapo kila mmoja amepangiwa mwenzake wa kanisa lingine, wakutane angalau mara moja kwa mwezi, bila mahubiri na bila kutuma taarifa kwa ofisi. Utaratibu huu umefanikiwa vizuri kati ya Gongoni na Mambrui, umekwenda kwa kusuasua hapa mjini ambako kila mtu ana shughuli, na huko Chakama haujaanza kwa sababu ya umbali na gharama ya nauli. Wake wa wachungaji waliomba wapangiwe vivyo hivyo, tena kwa maneno makali kidogo, na walikuwa na haki. Wao hubeba siri za kanisa zima na hawana pa kuzipeleka.

Juu ya fedha, mhazini atasoma hesabu kamili. Nitataja tu mfuko wa matibabu. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya taifa ilipohamishiwa kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, mchango umekuwa asilimia 2.75 ya kipato, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kiasi hicho hakionekani kikubwa, lakini mwinjilisti anayepewa mahindi na kuku badala ya mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi hukwama. Yale mafuriko ya El Nino ya mwishoni mwa 2023, Sabaki ilipofunika mashamba, yaliwamalizia wengine akiba waliyokuwa nayo. Ni vigumu kumwambia mtu awe jasiri wakati mkewe anakaribia kujifungua na kadi yake haifanyi kazi.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao nusu ya ada ya uanachama ielekezwe kwenye mfuko huo, ili chama kiwalipie mchango wa mwaka watumishi wasio na mshahara, nao waurejeshe kidogo kidogo kadiri wanavyopata. Baadhi yenu mnaona kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kukodi vyombo vya mkutano mkubwa wa injili uwanjani, kama ilivyokuwa desturi kila Desemba. Mawazo yote mawili yameandikwa katika ajenda namba tano. Kabla ya kura kupigwa, naomba mwenye kiti cha kikao awape nafasi ya kwanza ya kuzungumza wainjilisti waliotoka Adu, Garashi na Chakama, kwa kuwa wao wanapaswa kuondoka mapema ili wapate gari la kurudi.