Kabla Hujalipia Kipimo cha B27 kwa Sababu ya Mgongo

Wateja huingia kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia hapa Nairobi na karatasi ya maabara mkononi: HLA-B27, hasi. Pesa zimeshalipwa, na wengine wameshaambiwa kwamba mgongo wao hauna baridi yabisi. Hilo linatuuma, kwa sababu karatasi hiyo haisemi hivyo.

HLA-B27 ni jeni iliyo kwenye kromosomu ya 6. Mwaka 1973 watafiti wa London na Los Angeles waligundua kuwa inaandamana na ankilozingi spondilaitisi, yaani baridi yabisi ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao kinga ya mwili huwasha uvimbe pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga, na ukiachwa miaka mingi pingili zinaweza kushikana. Miongoni mwa wagonjwa wa asili ya Ulaya, zaidi ya 8 kati ya 10 wana jeni hiyo. Sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara tuna B27 kwa nadra sana, na wagonjwa wetu wengi hawana kabisa. Kwa hiyo jibu la hasi halimtoi Mkenya kwenye shaka. Chanya nayo si hukumu: wengi mno wenye jeni hiyo huishi na kuzeeka bila kuugua. Zipo pia jeni nyingine, kama ERAP1 na IL23R, zinazochangia kidogo kidogo.

Urithi wenyewe lakini una nguvu. Ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja anaugua, hatari yako inapanda, na hiyo ni habari ambayo hakuna haja ya kuilipia maabara. Uliza nyumbani: nani alianza kuinama mgongo angali kijana? Nani huwa na jicho jekundu lenye maumivu, linalopona na kurudi? Nani ana soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba?

Halafu tunasikiliza maumivu yenyewe. Mgongo uliochoshwa na kubeba mitungi ya maji hutulia ukilala. Mgongo wenye ugonjwa huu huanza kuuma polepole kabla ya miaka 45, hukuamsha saa tisa usiku, asubuhi unakaa umekakamaa zaidi ya nusu saa, kisha unalegea ukitembea. Tunachukua futi ya fundi cherehani, tunaweka alama mbili kiunoni, sentimita 15 kutoka moja hadi nyingine, na kukuomba uiname. Kwa kawaida nafasi hiyo hurefuka kwa sentimita 5 au zaidi. Isipofika, tunakuandikia barua umwone daktari bingwa wa baridi yabisi, ambaye huenda akaomba picha ya MRI, kwa kuwa eksirei huchelewa kuonyesha dalili za ugonjwa huu.

Ukiwa na homa, jasho la usiku na unakonda, usianzie kwetu. Nenda hospitali upimwe TB ya mifupa kwanza.

Kwa wengine, njooni na majibu ya zamani na majina ya dawa mlizotumia. Mazoezi ya kunyoosha mgongo tunaweza kuyaanza siku hiyohiyo.