Yah: Malalamiko kuhusu kuta za ofisi zinazovujisha mazungumzo ya wateja

Ndugu Meneja wa Miradi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi mlitukabidhi vyumba vitatu vya mahojiano ambavyo mkataba unavitaja kuwa vya faragha. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye shauri la mirathi alizungumza na wakili wetu kwa muda wa saa nzima, mlango ukiwa umefungwa, na alipotoka, mzee aliyekuwa akisubiri mapokezi alisimama, akampa pole ya msiba, kisha akamsihi asikubali nyumba ya Magomeni iuzwe. Habari za nyumba hiyo mama alizitaja chumbani tu. Mama aliutazama mlango, akatutazama sisi, akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo tulipanda ngazi tukainua kigae cha dari. Ukuta wenu wa jipsamu unaishia kiganja kimoja juu ya dari, na kutoka hapo hadi kwenye zege ni uwazi mtupu, hivyo sauti inapanda, inavuka na kushukia mapokezi kupitia matundu ya kiyoyozi. Ukiugonga ukuta wenyewe unaitika kama debe, na chini ya mlango kidole kinapita.

Fundi mliyemtuma alibandika sponji ukutani. Kwa heshima zote, sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba. Kinachozuia sauti isitoke ni ukuta mzito usio na upenyo. Uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, hata ukiwa ukuta wa tofali, huufanya usiweze kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi, ilhali mazungumzo ya kawaida hufikia takriban desibeli 60.

Wakili anawajibika kutunza siri za mteja wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inatubana. Kwa hiyo tunataka, ndani ya siku 14 na kwa gharama zenu, kuta zipandishwe hadi kwenye zege, zijazwe sufi ya mawe (nyuzi za kufyonza sauti) na kuzibwa nyufa zote, na milango iwe ya mbao nzima yenye mpira chini.

Malipo ya mwisho tunayashikilia hadi siku ya majaribio, ambapo mmoja wetu atasoma gazeti chumbani kwa sauti ya kawaida, na mwakilishi wenu atakaa mapokezi, kwenye kiti kile kile cha yule mzee.

Wako katika kazi,

Meneja wa Ofisi