Kwa mabondia chipukizi wa ukumbi wetu, kuhusu picha ya Wangila

Wanangu mabondia, pamoja nanyi makocha mnaowalea,

Nimepokea ombi lenu kwamba niipake rangi upya picha ya marehemu Robert Wangila kwenye ukuta wa ukumbi, kwa kuwa mvua imeufuta uso wake, na kilichobaki ni mkono mmoja na nishani. Nitaipaka, ila kabla sijashika brashi nina neno nanyi.

Picha ile ya kwanza niliichora mimi mwaka 1988, baada ya Wangila kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta huko Seoul, akawa Mkenya wa kwanza, na hadi leo wa pekee, kushinda dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Nilimchora jinsi sote tulivyotaka kumwona: ngumi juu, kifua mbele, shingo kama ya fahali. Kichwa nilikifanya kidogo mno. Mchoraji mwenzangu aliponicheka, nilimjibu kwamba bondia kazi yake ni mikono. Jibu hilo limenikera moyoni kwa miaka mingi.

Ijumaa tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, Wangila alipigana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa alilisimamisha pambano, naye Wangila akalalamika, akiamini kwamba angeweza kuendelea. Aliondoka ulingoni, akafika katika chumba cha kubadilishia nguo, na humo ndimo alimopoteza fahamu. Jumapili alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 26.

Ninawaomba mtulie hapo, kwenye mwendo ule mfupi kutoka ulingoni hadi chumbani, kwa sababu ndio unaotuhadaa. Ubongo huelea katika maji ndani ya fuvu. Ngumi inapokizungusha kichwa ghafla, fuvu hutangulia na ubongo huchelewa, na mishipa myembamba iliyo kati ya ubongo na utando wake yaweza kukatika. Damu huvuja, pengine kwa dakika chache, pengine kwa saa nyingi, na muda huo wote mtu aweza kuzungumza, kutania na hata kudai mechi ya marudiano, mpaka damu ikose nafasi na kuanza kuukandamiza ubongo. Kwa hiyo bondia anayesema "niko sawa" hasemi uongo. Anasema asichoweza kukijua.

Nimewahi kumwona kijana akimwagiwa maji usoni baada ya kuangushwa mazoezini, kisha akarudishwa kupigana jioni ileile, na wote tuliokuwepo tukampigia makofi. Nami nilipiga. Makocha, aliyeyumba au aliyesahau raundi aliyomo asivae glavu tena mpaka daktari amruhusu. Na kichwa kinachozidi kumuuma, kutapika, ulimi mzito au kuona vitu viwili viwili ni mambo ya kupelekwa hospitali usiku huohuo, si ya kulalia. Msiitegemee kofia ya mazoezi, maana huikinga ngozi isichanike lakini haiuzuii ubongo kutikisika. Na ninyi vijana mnaojinyima maji siku mbili ili mzani uwakubali, mnapanda ulingoni mmekauka, na mwili uliokauka si wa kupokea ngumi.

Refa anapokukatiza ukiwa bado umesimama, mpe mkono. Najua inauma, watazamaji watazomea, na pengine hata mama yako atamlaumu.

Picha mpya itamwonyesha Wangila ameketi kwenye kigoda cha kona, kichwa kikiwa cha ukubwa wake halisi, na mtu amemshika kidevu akimtazama machoni. Baadhi yenu mtasema haitishi mpinzani, na ni kweli.

Nitafika Jumamosi asubuhi. Ukuta uwe umeoshwa kwa sabuni na kukauka. Yule kijana aliyeninong'oneza kwamba tangu mwezi uliopita anasikia mlio sikioni aje anikalie nimchore kama mfano, bila glavu, na tukimaliza nitakwenda naye kwa daktari.

Mzee wenu,
mchoraji wa mabango