Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na ninyi vijana wetu mliopona saratani ya mfupa,

Swali lililotusumbua zaidi kwenye kamati mwaka huu ni moja: michango yetu iende wapi? Wapo mlioleta hoja kwamba tuchangie utafiti wa dawa mpya. Wapo mliotaka tuunganishe nguvu tumpeleke mgonjwa India. Hoja zote mbili zimejadiliwa, madaktari wametushauri, na kamati ina pendekezo lake. Lakini kwanza nieleze hali ya utafiti wenyewe ilivyo, maana maneno mengi yanazunguka kwenye simu zetu.

Osteosakoma, saratani ya mfupa iliyotukutanisha hapa, hupata watu 3 au 4 tu katika kila milioni kwa mwaka. Wengi ni vijana walio kwenye umri wa kurefuka, na mara nyingi uvimbe huanzia karibu na goti, mahali mfupa unapokua kwa kasi. Ndiyo maana karibu kila mzazi hapa alianza kwa kudhani mtoto kaumia mpirani.

Waliochunguza vinasaba vya uvimbe huu wamekuta vurugu tupu. Jeni za TP53 na RB1, ambazo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo, mara nyingi zimeharibika. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walieleza jinsi kromosomu, yaani uzi unaobeba vinasaba ndani ya seli, inavyoweza kuvunjika vipande vingi kwa mkupuo na kuungwa tena shaghalabaghala. Walilikuta jambo hilo katika takriban robo ya saratani za mifupa walizozipima. Zipo saratani zenye kasoro moja kuu inayolengwa kwa kidonge. Hii si mojawapo, kwa sababu vurugu ya mgonjwa huyu si ya yule.

Kwa hiyo dawa zinazotegemewa bado ni zile zile za wazee wetu: doksorubisini, sisplatini na methotreksati. Msizidharau. Enzi za kukata mguu peke yake, waliopona walikuwa chini ya 20 katika 100, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni kabla picha haijauonyesha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulilinganisha makundi mawili: baada ya miaka miwili, asilimia 17 ya waliopasuliwa tu walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, na kwa waliopewa dawa pia ilikuwa asilimia 66. Baadaye, kati ya 2005 na 2011, nchi 17 ziliandikisha wagonjwa zaidi ya 2,200 katika utafiti wa EURAMOS. Baadhi ya wale ambao uvimbe wao haukufa vizuri kwa dawa za mwanzo waliongezewa nyingine mbili. Hawakupona zaidi ya wenzao wasioongezewa, waliteseka zaidi. Mimi nauheshimu sana utafiti ule, kwani umewaepusha watoto na sumu isiyo na faida.

Matumaini yapo. Mbwa wakubwa huugua ugonjwa huu huu, tena mara nyingi kuliko binadamu, na madaktari wa mifugo Marekani hujaribu dawa kwao huku wakiwatibu. (Mzee mmoja wa kamati alicheka mpaka akatoa miwani. Lakini mifamutaidi, dawa inayoamsha kinga ya mwili, ilijaribiwa kwa mbwa kabla ya kuruhusiwa Ulaya mwaka 2009. Marekani haijairuhusu.)

Sasa turudi kwetu. Mtoto wetu hafi kwa kukosa dawa ya mwaka kesho. Anakaa miezi akichuliwa goti kwa mafuta na kufungwa vijiti, picha inapigwa uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa, kisha majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachokatwa ili kipimwe, yanasubiriwa huku nauli imekwisha. Hata methotreksati ya dozi kubwa haitolewi kwa usalama mahali pasipoweza kupima kiwango chake kwenye damu. Na kinyama kikichukuliwa ovyo, kwa njia ambayo daktari wa upasuaji hataweza kuiondoa pamoja na uvimbe, mguu uliokuwa wa kuokolewa unaweza kukatwa.

Kazi iliyonipa moyo mwaka huu ni ya vijana wetu wenye miguu bandia wanaotembelea wodi. Familia inapoambiwa mguu ukatwe, wengine humbeba mtoto usiku na kutoroka naye. Daktari akieleza, wanamsikiliza. Binti wa kidato cha nne akipandisha sketi kidogo na kuwaonyesha, wanauliza maswali. Sikuwahi kuona kikao cha ushauri kinachomshinda.

Pendekezo la kamati, basi, ni hili: mfuko wetu ulipie nauli, gharama za kinyama na malazi ya mzazi mmoja mpaka majibu yatoke, na vijana wanaotembelea wodi wapewe posho badala ya asante. Safari za India tusizichangie kama chama. Mwanachama atakayependa kumsaidia mwenzake binafsi, hazuiwi. Kuhusu utafiti, tuwaombe madaktari watueleze namna familia zinavyoweza kuridhia sampuli za uvimbe zihifadhiwe na zitumike kwenye uchunguzi. Hilo halitugharimu.

Najua baadhi yenu hamkubaliani, hasa kuhusu India. Mweka hazina atasoma hesabu, kisha hoja zitafunguliwa kabla ya kura.