Wauza matairi, "inaingia" si kipimo

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo linalowagusa wenye magari ya spoti hapa Dar es Salaam: Impreza WRX na STI, Lancer Evolution, Altezza, RX-8, Fairlady Z, Toyota 86. Mengi bado yanatembelea rimu zake za kiwandani, na ni rimu nzuri. Tabu huanza siku matairi yanapoisha. Mteja anafika dukani Kariakoo, anataja saizi yake, anajibiwa: "Hiyo hatuna, weka hii, inaingia." Kweli inaingia. Mashine ya kuvalisha matairi ina nguvu ya kuingiza karibu tairi lolote la inchi 17 kwenye rimu yoyote ya inchi 17. Lakini 17 ni kipenyo tu. Kinachoamua tairi gani likae pale ni upana wa rimu, na huo karibu hakuna anayeuliza.

Wala si siri, umeandikwa. Vua gurudumu, ligeuze, sugua vumbi la breki nyuma ya mikono ya rimu kwa brashi na maji ya sabuni. Utakuta maandishi kama 17x7 1/2 JJ 53. Hiyo saba na nusu ni upana kwa inchi, ukipima kati ya kingo mbili zinazoshika tairi. JJ ni umbo la kingo hizo. Namba 53 ni milimita ambazo uso unaofungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) umesogea upande wa nje kutoka katikati ya rimu. Usikisie kwa kutazama gari. STI za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka na rimu ya saba na nusu na tairi 225/45R17, na matoleo ya baadaye ya gari hilohilo yakaja na rimu ya 8 na tairi 235/45R17. Ukiyaegesha pamoja, asiyejua hatatofautisha.

Tuchukue hiyo 225/45R17 kwenye rimu ya saba na nusu, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani milimita 101. Zidisha ubavu mara mbili, ongeza rimu ya inchi 17, ambayo ni milimita 431.8, unapata kipenyo cha milimita 634. Tairi hili limeruhusiwa kwenye rimu ya upana wa 7 hadi 8.5. Rimu ya saba na nusu ndiyo hasa inayotumika kulipimia.

Sasa mteja anataka gari lishike barabara zaidi, anashauriwa 245/40R17. Kipenyo chake ni milimita 628, pungufu kwa asilimia 1 tu, kwa hiyo kwenye karatasi linapendeza. Lakini tairi hilo linataka rimu ya 8 hadi 9.5. Likifungwa kwenye saba na nusu, kingo zake zinasogezwa karibu kuliko lilivyosukwa, mbavu zinatoka kitumbo, na uso unaokanyaga lami unatuna katikati. Mteja amelipia upana ambao hauigusi lami. Ukikata kona, rimu inaondoka kwanza na tairi linafuata baadaye. Usukani unakuwa mzito wa kujibu, dereva anadhani bushi zimekufa, anakwenda kubadilisha bushi. Baada ya miezi michache kashata (vibonge vya mpira vya uso wa tairi) za katikati zimeisha na za pembeni bado nzima, naye anaambiwa alizidisha upepo.

Asiyeamini afanye jaribio la chaki. Chora mstari mnene wa chaki kukatisha uso wa tairi kutoka bega hadi bega, kisha endesha mita 100 au 200 kwenye lami kavu iliyonyooka, bila kona. Shuka utazame. Chaki ikifutika sawasawa, tairi limelala vizuri. Ikifutika katikati na kubaki mabegani, ama upepo umezidi, ama tairi ni pana mno kwa rimu. Punguza upepo hadi kiwango cha gari, rudia. Ikibaki vilevile, kosa ni la saizi.

Ushauri wa 245/40R17 haukutoka hewani. Lancer Evolution VIII na IX zina rimu ya 8 na tairi 235/45R17 za kiwandani, na kwa upana wa rimu hiyo 245/40R17 inakubalika, ingawa kipenyo kinashuka kwa asilimia 2.4. Mwenye Evolution akasifia, mwenye STI ya saba na nusu akaiga. Hapo ndipo namba iliyoandikwa nyuma ya rimu inapookoa fedha.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, na linafanyika ili gari lionekane limekaa chini: 205/40R17. Ubavu unabaki milimita 82. Kipenyo kinashuka kwa asilimia 6, kwa hiyo tumbo la gari linasogea chini kwa milimita 19 hivi, katika jiji ambalo kila mtaa una matuta. Kisha soma namba ya uzito. Saizi hiyo kwa kawaida huandikwa 84, maana yake kilo 500 kwa tairi, wakati 225/45R17 huandikwa 91, kilo 615. STI inakaribia tani moja na nusu na uzito mwingi uko mbele. Weka abiria wanne, mizigo na shimo moja la Barabara ya Mandela, halafu tafuta kilo 500 zimekwenda wapi. Rimu inaweza kupinda, na ubavu ukitoa nundu, nyuzi za ndani zimekatika. Nundu haitibiki kwa kiraka wala kwa kupunguza upepo. Tairi hilo ni la kutupa.

Kwa rimu ya saba na nusu, maoni yetu ni haya: anayetaka tairi pana kuliko la kiwandani aishie kwenye 235/45R17. Linaruhusiwa kuanzia rimu ya saba na nusu hadi 9. Kipenyo ni milimita 643, kimepanda kwa asilimia 1.4. Ubavu unaongezeka milimita 4 na nusu, na kwa barabara zetu hiyo ni neema. Namba ya uzito kwa kawaida ni 94, kilo 670. Upana nao hauongezeki milimita 10 kamili, kwa sababu 235 hupimwa kwenye rimu ya 8, na rimu ikipungua nusu inchi tairi hupungua kama milimita 5. Kwa hiyo kila upande unasogea milimita 3 hivi. Spidomita itasema 80 wakati unakwenda 81. Aliyezoea kuning'inia kwenye 50 kamili akipita penye tochi akumbuke hilo.

Hata hivyo pima kabla ya kulipia manne. Funga moja mbele, shusha gari, kata usukani wote kulia kisha wote kushoto, ukiangalia nafasi kati ya tairi na shokapu. Biti ya drili ya milimita 5 ipite bila kukwaruza. Nyuma, pakia watu watatu wazito na upite kwenye tuta taratibu, halafu papasa ukingo wa ndani wa madigadi: mpira mweusi uliopakaa pale ni jibu tosha. Gari lililoshushwa kwa springi fupi linaweza kugusa hata kwa saizi hii, na hapo abaki na 225/45R17. Kubaki na saizi ya kiwandani, ukanunua tairi bora la saizi hiyo, huleta faida kubwa kuliko kuongeza upana kwa tairi la ovyo.

Toyota 86 na Altezza RS200 zenye rimu ya 17x7 hutoka na 215/45R17. Hizo zinaweza kupanda hadi 225/45R17, basi. RX-8 ya rimu 18x8 ina 225/45R18, na mwenye kutaka zaidi anaweza 245/40R18, ambayo inaanzia hapohapo kwenye 8. Fairlady Z ya Z33 yenye 225/45R18 mbele na 245/45R18 nyuma isisawazishwe kwa kununua manne yanayofanana. Kompyuta ya breki inajua nyuma ni kubwa kuliko mbele na inahesabu kwa tofauti hiyo.

Kwa Subaru kuna jambo ambalo tungependa kila muuzaji alijue kabla ya kuuza "mawili ya mbele tu". Magurudumu yote manne yanavuta, na Subaru inataka mizingo ya matairi yake, yaani urefu wa kuzunguka uso wa tairi, isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Igeuze hesabu: ni milimita 1 tu ya kashata. Tairi jipya lina kama milimita 8, lililotembea nusu ya maisha yake lina 4 au 5. Ukichanganya hayo, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye lami iliyonyooka ya Bagamoyo, inapata joto, inaanza kubana kwenye kona za polepole unapotafuta maegesho, na mwisho inakufa. Difu ni ghali kuliko matairi mawili. Kipimo ni cha shilingi chache: futi laini ya fundi cherehani. Jaza upepo sawa kwa yote manne, zungusha futi katikati ya uso wa tairi likiwa limenyanyuliwa kwa jeki, andika namba ya kila moja.

Sasa mtumba, maana hapa ndipo tunapoumia zaidi. Magari mengi hufika kutoka Japani yakiwa na matairi ya barafu, na mengine huuzwa moja moja yakionekana mapya kabisa, kashata nene, mpira laini. Mnunuzi anabonyeza kwa kidole gumba, anafurahia ulaini. Ulaini huo umetengenezwa kwa baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Dar haijui baridi hiyo. Kwenye lami ya Februari saa nane mchana, vibonge vile vya mpira vinayumba kama jeli, breki inachelewa, na tairi linaisha haraka. Dalili za kusoma ubavuni ni neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji yenye umbo la nyota ndani yake. Kwenye uso utaona mistari myembamba ya mawimbi imechanjwa kila kibonge. Mengi yana herufi Q mwishoni mwa saizi, kikomo cha kilomita 160 kwa saa, wakati tairi la gari la spoti linatakiwa kuwa V, 240, au W, 270. Kwa joto letu tairi linalofaa ni la kiangazi, mwaka mzima.

Soma pia tarehe: namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka minane stoo likiwa na vipele vyake vyote bado ni tairi la miaka minane, na mpira umekauka. Kwa herufi nyingine zilizochongwa ubavuni, tafuta TRACTION (kushika lami yenye maji) A au AA na TEMPERATURE (kuhimili joto) A. TREADWEAR (kudumu kwa kashata) ya 280 hadi 340 inatosha kwa gari la kila siku lenye mbio. Ya 200 inanata vizuri, ila inaisha mapema, na kipindi cha masika kashata zikiwa zimepungua inaelea juu ya maji. Namba hizo hujazwa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo linganisha tairi za kampuni moja, usilinganishe za kampuni mbili.

Wakati wa kufunga, simama pale. Tairi lenye ROTATION na mshale lizunguke kuelekea mshale unakoonyesha, vinginevyo mifereji inavuta maji ndani badala ya kuyatupa nje. Lenye OUTSIDE, neno hilo lionekane ukiwa umesimama nje ya gari. Nati zimaliziwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kitabu cha gari, si kwa mashine ya upepo hadi ilie. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifuate.

Upepo uko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na magari ya Kijapani huandika kPa: 230 ni PSI 33, 220 ni 32. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Kila nyuzi joto 5 au 6 zinazopanda huongeza PSI 1, kwa hiyo tairi lililotoka Kibaha mchana likisoma 38 usilitoe upepo. Kibandiko kimezingatia hilo.

Ombi letu kwa wenye maduka ni dogo: muulizeni mteja upana wa rimu kabla ya kutoa tairi stoo, na kwenye risiti andikeni saizi kamili, namba ya uzito, herufi ya mwendo na DOT ya kila tairi. Risiti iliyoandikwa "tairi 17, pisi 4" haimsaidii mteja siku anaporudi na nundu ubavuni.

Mafundi wa matairi,
Kinondoni, Dar es Salaam