Kiti cha mteja nimekuwekea wewe

Shangani, Mtwara
Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, bibi bado anakoroma na bado anabisha kwamba hakoromi. Mabibo ya kwanza yameanza kudondoka na nzi wameshapata habari. Mengine utayasikia kwa Mama Sharifa aliyekuletea barua hii, na bila shaka ameshakwambia nusu yake hata bahasha hujaifungua.

Unajiuliza barua ya nini zama hizi. Simu yangu hupokei. Ujumbe unausoma, halafu kimya. Mwaka na miezi minne, Mtwara na Lindi! Kilomita mia na kidogo, mtu akipanda basi la asubuhi chai ya saa nne anainywea kwako. Nikasema niandike kwa mkono, maana barua hata ukiitupa chini lazima uiokote ufagie.

Wamenipa kikao, Mwanahawa. Ule mkutano wa wanatakwimu safari hii unakuja huku kwetu, na kamati ya maandalizi imenipa dakika 90 za kuzungumzia ushauri wa kitakwimu, yaani ile kazi yetu ya kukaa na mteja mwenye data zake na hofu zake. Nilifurahi kama mtoto wa Idi. Halafu wakaniletea ratiba. Utambulisho dakika 10. Mgeni rasmi dakika 20. Mada tatu za kurusha ukutani, dakika 15 kila moja. Maswali 15, na humohumo picha ya pamoja. Piga hesabu mwenyewe. Watu watatoka Mwanza, watapita Dodoma, watavuka Rufiji, waje Mtwara kuangalia herufi ndogo ukutani na kula korosho za bure.

Nimewajibu kwamba sitaki mada. Nataka meza moja na viti viwili mbele ya watu. Kiti kimoja mshauri, kingine mteja, wafanye kile kikao cha kwanza hadharani. Mteja anaingia na kompyuta mpakato, anasema data ziko tayari, bado kuchambua tu, na ripoti inatakiwa Ijumaa. Mshauri afanye nini? Aifungue ile kompyuta, au amuulize kwanza: unataka kujua nini, na ukishajua utaamua nini? Hapo ndipo kazi yetu inapofia au kupona, na darasani hatukufundishwa hata siku moja. Pale chuo cha takwimu Changanyikeni tulifundishwa kanuni mpaka tukaota fomula. Nani alitufundisha kumwambia mtu mzima, kwa adabu, kwamba fedha zake zimeshapotea?

Lile neno la Fisher, yule mwanatakwimu Mwingereza, unalikumbuka, alilowaambia wanatakwimu wa India mwaka 1938, kwamba kumwita mwanatakwimu jaribio likishakwisha mara nyingi ni kumwita apasue maiti, labda ataweza kusema imekufa kwa nini. Tulikuwa tunacheka. Siku hizi mimi kila Jumamosi napasua. Wanafunzi wanakuja wawili wawili na madodoso 100, ukiuliza kwa nini 100 wanaangaliana. Juzi kaja mmoja na sura ya matokeo keshaiandika, ananiomba tu "uishushe ile namba iwe chini ya 0.05, dada", yaani ile pii, uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo ni kangomba! Korosho iko juu ya mti, wewe umeshaiuza. Akacheka, nikadhani kaelewa. Akaniuliza bei.

Na jirani yangu mpaka leo anaamini mimi ni karani wa sensa. Sensa ya Agosti 2022 ilishapita, naye bado ananidai nirudi nikamhesabu mjukuu wake. Namwambia mama, mkoa wa Mtwara tulihesabiwa 1,634,947, biashara imefungwa, mjukuu wako kazaliwa Septemba. Anasema basi niongeze mmoja tu, nani atajua.

Lakini nazunguka. Hicho kikao kinahitaji kisa cha kweli, na kisa ninachokijua mpaka kwenye mifupa ni kimoja. Unakijua. Ile kazi ya salfa, dawa ya mikorosho, kule Newala.

Usiikunje barua. Soma.

Nimekirudia kisa kile mara nyingi kuliko unavyodhani. Mashamba sita, matatu yamepulizwa ile salfa mpya, matatu hayakupulizwa. Mikorosho 40 kila shamba, jumla 240, wewe unasoma alama za ugonjwa wa ubwiri unga kwenye maua, mimi naandika, jua la utosini, yule bwana wa mradi kajificha kwenye gari. Tukarudi mjini tukachambua kwa usiku mmoja kana kwamba kila mkorosho umejipulizia wenyewe. Pii ikatoka 0.001, tukapongezana, tukala pweza pale ufukweni. Kumbe salfa haukupewa mkorosho. Lilipewa shamba. Tulikuwa na mashamba sita, basi. Ukilinganisha matatu kwa matatu unabaki na digrii za uhuru 4, yaani vipande vinne tu vya habari huru, na kizingiti cha kusema tofauti ipo si 1.96 tena, ni 2.78, na sisi hatukukifikia. Baadaye nilijaribu njia nyingine, nikakisia mikorosho ya shamba moja inafanana kwa 0.3 tu, 0 ikiwa haifanani kabisa na 1 ikiwa pacha: 1 jumlisha 39, wenzake wa kila mkorosho shambani, mara 0.3, unapata 12.7. Gawanya 240 kwa hiyo. Mikorosho 19! Yote ile tuliyoihesabu mpaka shingo zikakakamaa ilikuwa inatuambia habari za mikorosho 19, tena kwa kukisia kwa huruma.

Hilo la hesabu nimeshajisamehe. Wangapi hawalifanyi? Linaloniamsha usiku ni yule mzee wa shamba la nne. Alikuwa upande wa wasiopuliza. Siku ya kwanza kabisa alitukalisha kwenye mkeka, akatuletea uji, akasema, "Mimi mmeniandika sipulizi, lakini kusi likivuma salfa ya jirani inanijia bure." Wewe ulicheka, mimi nikacheka, tukamsifu kwa utani wake. Kwenye daftari sikuandika neno. Nimelitafuta lile daftari, nimelipekua ukurasa kwa ukurasa, hakuna. Wanapuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia, sawa, lakini miezi ile yote kusi ndiyo yake. Shamba lake halikuwa shamba lisilopulizwa. Lilipulizwa nusu, au robo, Mungu ndiye anajua kipimo. Basi kosa moja linatuonyesha uhakika tusiokuwa nao, lingine linapunguza tofauti ambayo pengine ipo, na mtu akiniuliza tulikosea kwa kiasi gani, sina namba ya kumpa. Mwanatakwimu hana namba! Kamati wakitaka mada, mada ndiyo hiyo.

Mwanatakwimu Kimball aliandika mwaka 1957 kuhusu kazi hii hii ya ushauri, akaliita kosa la aina ya tatu, kujibu sawasawa swali ambalo siyo. Sisi hata hilo hatukulifikia. Sisi jibu tuliletewa pamoja na uji, tukanywa uji.

Sasa kuhusu ile barua pepe niliyomwandikia yule bwana wa mradi.

Nilikosea, Mwanahawa. Sisemi nilikosea kumwambia yule bwana kosa letu. Hapo ungenirudisha leo ningemwambia tena, maana alikuwa anakwenda kununua salfa ya msimu mzima kwa ripoti yetu. Nilikosea kumwandikia usiku ule bila kukuamsha. Ripoti ilikuwa na majina mawili. Ulisema tusubiri, ulisema hela tumeshalipia ada za watoto, tufikirie kwanza tutarudishaje kama atadai. Mimi nikaona unataka tufiche. Hukusema tufiche, ulisema tusubiri hadi Jumatatu. Na wewe ukaja kuyasikia kwa mteja, kwenye simu, uko sokoni umeshika samaki. Hiyo picha Mama Sharifa kanielezea mpaka aina ya samaki. Ningekuwa mimi ningekasirika miaka miwili.

Nikwambie alichonijibu, kwa sababu najua hujapata kukisikia. Hakufoka. Aliuliza, "Kwa hiyo dawa haifanyi kazi?" Nikamwambia sijasema hivyo, nimesema mashamba sita hayatoshi kujua. Akauliza tena lile lile. Mara tatu! Mwisho nikamwambia, kaka, ukionja vijiko 40 kwenye sufuria moja ya mchuzi, umeonja mchuzi mmoja. Sisi tulionja vijiko 240, sufuria sita. Akanyamaza, halafu akasema, "Sasa kwa nini hamkuniambia niongeze sufuria?" Sikuwa na jibu, mpaka leo sina. Hatukumwambia kwa sababu alituita mashamba yakiwa yameshachaguliwa na hela ya kwanza imeshaingia, na sisi tukaona aibu kuanza kazi kwa kumkosoa anayelipa. Hebu wafundishe watu hilo kwa kurusha ukutani.

Hela hakudai. Alinipunja tu kwenye kazi iliyofuata, akanilipa nusu fedha nusu korosho, za mwaka juzi, zimeota ukungu.

Ombi langu ndilo hili. Kwanza, ruhusa. Kisa ni chetu wawili na safari hii sitakisema bila wewe, hata kwa kubadili majina, maana wanatakwimu wa kusini tuko wangapi? Watajua kabla sijakaa. Ukisema hapana, nitatafuta kisa kingine, nitaweka yule mwanafunzi wa kangomba. Kitakuwa kikao cha kuchekesha, watapiga makofi, watasahau kwenye chai.

Pili, ukikubali, nataka ukae kwenye kiti cha mteja. Wewe ndiye unayemwiga yule bwana mpaka kikohozi. Uingie na kompyuta, uvute kiti, useme "bado kuchambua tu", mimi nikuulize maswali ambayo siku ile sikuuliza: nani alichagua mashamba? Aliyepuliza na asiyepuliza wamepakana? Nini kilipewa salfa, mti au shamba? Na wewe unijibu kama yeye, unikatishe tamaa kama yeye. Tusimame katikati, tuwaulize waliokaa: mngefanya nini hapa? Chukua kazi au muache aende? Wengine watasema achukue, ana watoto. Hapo ndipo pa kuzungumza, hapo na kwenye bei, maana hata bei hatujui tunapangaje, ushauri hauna mnada kama korosho.

Kamati bado wanataka mgeni rasmi. Nimewakubalia, ila dakika 5, na akae mpaka mwisho. Wameniambia wataliangalia, na unajua maana yake. Wamarekani mwaka 2012 walianzisha mkutano mzima wa utendaji wa takwimu, sisi tunagombania dakika 90 na mpiga picha.

Nilitaka na yule mzee wa shamba la nne aje. Nimemuulizia kwa watu wanaokwenda Newala, wananiambia yupo, ila miguu haimbebi vizuri. Labda tumfuate sisi kabla, tukae kwenye mkeka, safari hii na daftari. Au nakwenda mbali?

Basi niambie. Ruhusa unanipa au hunipi? Utakuja? Ukija utalala kwangu au kwa dada yako, na akiuliza tulinuniana kwa nini tutamwambia nini? Lile daftari lako la alama za maua bado unalo, au ulilitupa siku ile? Wewe siku ile kwenye mkeka ulicheka kwa sababu ilikuwa mzaha, au ulijua kitu ukaona nami sijasema? Hilo nimetaka kukuuliza muda wote huu. Na yule samaki ulimnunua au ulimwacha?

Jibu hata kwa mstari mmoja, umpe Mama Sharifa. Anarudi Alhamisi.

Ni mimi,
Somoe

Baada ya kusaini nimekumbuka: nataka sufuria zenyewe ziwe mezani siku hiyo, sita, watu wazione. Kwangu zipo nne. Ya tano ni yako, ile uliyoiacha na ming'oko ndani, nimeisugua. Imebaki moja.