Baba, Siakam Hakutupwa

Toronto, Kanada
6 Julai 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na Mama shikamoo yake, na wadogo zangu uwasalimie mmoja mmoja. Sisi huku hatujambo. Joto limekuja kwa kasi mwaka huu, tunalala madirisha wazi kama tuko Tanga, na zamu zangu za usiku kule ninakohudumia wazee zimepungua kidogo, ndiyo maana nimepata wasaa wa kukaa nikakuandikia.

Nakuandikia kwa ajili ya yale ya Jumapili. Mlipomaliza kuongea, mjukuu wako alinirudishia simu bila neno, akaingia chumbani. Nilipomfuata nilimkuta kitandani, amevaa ile jezi yake namba 9. Akaniambia, "Babu amesema Toronto ilitupa dhahabu ikaokota shaba." Shaba mwenyewe, Baba, ni RJ Barrett wa timu yetu ya kikapu, Toronto Raptors, na kwa mtoto huyu hakuna mchezaji anayempita RJ. Najua hukukusudia kumuumiza. Ulikuwa unamlilia Pascal Siakam, nyota wetu wa zamani tuliyempeleka Indiana, na utani wa babu na mjukuu nyinyi wawili hamjaanza leo. Lakini safari hii neno lilimwingia. Basi naomba unisikilize na mimi, maana kwa simu ile inayokatika kila baada ya dakika tano nisingeweza kulimaliza.

Kwanza, la Siakam nakubaliana nawe. Kijana wa Douala, baba yake akampeleka seminari asomee upadri, kikapu akakianza akiwa mkubwa, na mwaka 2016 akachaguliwa wa 27 katika drafti, ile siku timu za NBA, ligi ya kikapu ya huku, zinapochagua chipukizi. Miaka mitatu baadaye akawafunga Golden State pointi 32 katika mchezo wa kwanza wa fainali, na Toronto ikachukua ubingwa. Baba yake hakuyaona hayo. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2014, na Siakam, akiwa mwanafunzi Marekani, hakwenda kumzika kwa kuhofia kwamba akitoka viza isingemruhusu kurudi. Habari hiyo niliisoma mara moja tu, sikuweza kuirudia. Wewe unajua Bibi alipozikwa Muheza mimi nilikuwa wapi na nilikuwa nasubiri karatasi gani.

Siku ya gwaride la ubingwa, 17 Juni 2019, mjukuu wako alikuwa na miaka sita. Baba yake alimbeba mabegani tangu asubuhi, na mtoto akawa anaita "Pascal! Pascal!" kila basi lilipopita, hata yasiyo na wachezaji. Kwa hiyo usidhani huku kuna aliyefurahi alipoondoka.

Tarehe 31 Mei mwaka huu tulikuwa watu tisa sebuleni kwangu. Indiana ilikuwa inacheza na New York mchezo wa sita wa fainali ya kanda ya Mashariki ya NBA. Upande huu Siakam, upande ule OG Anunoby, wote wawili walikuwa wetu, na Toronto iko nyumbani inatazama. Siakam akafunga 31, Indiana ikapita, akakabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa fainali hiyo. Jirani yetu Mkongo, mtu wa Lubumbashi, akasimama. Huyu ndiye yule ambaye hadi leo anasimulia ribaundi 26, yaani mipira aliyoidaka baada ya kukosa kikapu, za Bismack Biyombo, mtoto wa mji wake, akiwa na Toronto dhidi ya Cleveland mwaka 2016. Akasema, "Munaona sasa?" na hakuongeza neno. Dada mmoja muuguzi, Mkenya wa Kisumu, akamjibu kutoka jikoni: "Tungemweka, si angeondoka tu bure?" Ubishi ulianzia hapo, na watu waliagana saa nane usiku.

Mimi niko na yule dada wa Kisumu, na sababu zangu ni hizi.

Unakumbuka Agosti 2021 Simba walipomwachia Chama aende RS Berkane na Miquissone aende Al Ahly? Ulinuna wiki nzima, hukutaka hata kusikia redio. Lakini klabu ililipwa. Katika NBA timu haziuziani wachezaji kwa ada ya usajili kama kwenye soka. Zinabadilishana mtu kwa mtu, au mtu kwa haki ya kuchagua chipukizi siku ya drafti. Na mkataba ukiisha, mchezaji anakwenda anakotaka na timu inabaki mikono mitupu. Toronto imeonja hilo mara mbili. Kawhi Leonard aliondoka Julai 2019, wiki chache tu baada ya kututwalia kombe. Fred VanVleet naye akaenda Houston kiangazi cha 2023, na hatukupata mtu wala haki ya mtu.

Siakam na Anunoby wote wawili wangeweza kuondoka hivyohivyo kiangazi cha 2024. Baadaye Indiana ilimpa Siakam mkataba wa miaka minne wa karibu dola milioni 190, na New York ikampa Anunoby miaka mitano kwa zaidi ya dola milioni 210. Sasa weka fedha hizo mezani mwa timu ambayo msimu wa 2022–23 ilishinda michezo 41 ikapoteza 41. Unawalipa wote ili uendelee kuwa wa katikati, huna nafasi ya ubingwa wala huna nafasi ya kupata chipukizi mkubwa? Mimi nisingekubali. Wakati wa kujenga upya ulikuwa umefika, na Scottie Barnes, aliyechaguliwa wa nne mwaka 2021, ndiye aliyestahili kujengewa timu.

Tarehe 30 Desemba 2023 Anunoby akaenda New York pamoja na wenzake wawili, tukapewa Barrett, Immanuel Quickley na haki moja ya raundi ya pili. Tarehe 17 Januari 2024 Siakam akaenda Indiana. Siku ile nilisoma kilichorudi mkononi nikiwa ndani ya basi, nikaumia: Bruce Brown, Jordan Nwora, Kira Lewis, na haki tatu za raundi ya kwanza. Kwa mtu kama Siakam! Ungeniuliza siku hiyo ningekwambia yaleyale unayoniambia wewe leo.

Lakini mabadilishano ya namna hii hayaishi siku yanapotangazwa, Baba, ndiyo maana nakuomba usiyapime kwa orodha ya siku ile. Haki moja ilimleta Ja'Kobe Walter, aliyechaguliwa wa 19. Nyingine ilipelekwa Utah, wakaja Ochai Agbaji na Kelly Olynyk. Februari mwaka huu ile ya tatu, pamoja na Brown, Olynyk na haki ya raundi ya pili, ikaenda New Orleans, akaja Brandon Ingram. Kwa hiyo kilichobaki mkononi kutokana na Siakam ni Walter, Agbaji na Ingram. Ingram anajua kufunga, hilo halina mjadala. Ila ana jeraha la kifundo cha mguu na hajavaa jezi yetu katika mchezo hata mmoja, na hapo ndipo jirani yangu Mkongo ananibana, nami sina cha kumjibu mpaka msimu uanze.

Na haki ya kuchagua si mtu. Hilo wewe ulinifundisha kabla sijajua kwamba kuna mji unaitwa Toronto. Juni 2009 ulituamsha alfajiri kwa sababu Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alikuwa amechaguliwa wa pili na Memphis, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Ulilia, Baba, na mimi nililia kwa kuwa wewe unalia. Nyuma yake siku ile alikuwapo James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Hata miaka miwili haikuisha, Memphis ikampeleka Houston. Ulisema wakati ule kwamba kijana hakupewa muda, na mimi bado naamini hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia "tulipata haki tatu" kana kwamba ni nyota watatu, simkubalii, kama ninavyokataa mtu akisema hatukupata kitu.

Kosa lenyewe mimi naliona kwingine, na hili ndilo linalonichoma kuliko Siakam kuondoka. Tulichelewa. Februari 2023, ilipokuwa dhahiri kwamba timu imefika mwisho wake, Siakam na Anunoby walikuwa bado na mwaka mzima mbele yao kwenye mikataba, na timu inayomchukua mtu wa mwaka na nusu hulipa zaidi ya inayomchukua mtu wa miezi mitano. Badala ya kuwatoa, Toronto ikanunua. Ikamrudisha Jakob Poeltl kutoka San Antonio, na katika malipo ikatoa haki yake ya raundi ya kwanza ya 2024, ambayo ingebaki kwetu endapo tu ingeangukia ndani ya nafasi sita za juu. Haya, 2023–24 tukashinda 25 tukapoteza 57. Tukaingia kwenye bahati nasibu ya drafti, ile inayopanga timu dhaifu zitachagua kwa zamu gani, tukiwa wa sita kwa ubovu, tukashushwa hadi nafasi ya nane. Haki ikaenda San Antonio. Poeltl ni mchezaji mzuri, simsemi yeye. Lakini tulipoteza michezo 57, tukakaa baridi nzima tunatazama vipigo, na yule chipukizi aliyepaswa kuwa malipo ya maumivu hayo hatukumpata. Siku ya bahati nasibu hiyo mume wangu alizima televisheni akakaa kimya.

Kwa hiyo ukimkasirikia Masai Ujiri, aliyekuwa rais wa timu, mkasirikie kwa hilo. Najua una huruma naye kwa sababu mama yake ni Mkenya na jina lenyewe linakuita, na mimi pia nilihuzunika alipoondoka siku tisa zilizopita, baada ya miaka kumi na miwili. Alitupa ubingwa. Lakini alipenda wachezaji wake kiasi cha kuchelewa kuachana nao, na timu imelipa gharama ya mapenzi hayo.

Sasa nirudi kwa Barrett, maana ndiye aliyetugombanisha. Sitakudanganya kwamba ni Siakam. Hawezi kubeba timu peke yake, na mjukuu wako nimeshamwambia. Quickley naye alicheza michezo 33 tu msimu uliopita kwa majeraha, na tumemaliza na ushindi 30. Ukihesabu kwa uwanjani tu, mpaka leo New York wamefaidi zaidi, na hili nalisema hata mbele ya mtoto.

Ila kuna jambo huwezi kulijua ukiwa huko, na kosa ni langu kwa kutokueleza. RJ amezaliwa Toronto, amekulia Mississauga. Baba yake, Rowan, aliichezea timu ya taifa ya Kanada na leo ndiye meneja wake mkuu. Alipokuja kutoka New York, watoto wa huku hawakusema tumepewa mchezaji, walisema amerudi nyumbani. Siku chache baadaye akaenda kwa Golden State akafunga pointi 37 tukashinda, na mjukuu wako alikimbia barazani na soksi kwenye theluji. Wewe unapomwona Siakam unamwona mtoto wa nyumbani. Yeye anapomwona RJ, anaona hichohicho. Nyumbani kwake ni hapa, Baba. Anakupenda, anajua Kiswahili, anajua Tanga kwa picha na kwa ile safari moja, lakini uwanja aliojifunzia kudunda mpira uko nyuma ya jengo letu, na RJ alianzia kwenye viwanja kama huo. Nimeandika sentensi hizi mara tatu, nikazifuta mara mbili.

Nakuomba Jumamosi umpigie wewe mwenyewe, saa kumi na mbili jioni ya huko, atakuwa ameamka. Muulize kuhusu Collin Murray-Boyles, yule tuliyemchagua wa tisa mwezi uliopita. Ana maoni yake na angependa mtu mzima amsikilize. Na msimulie ile alfajiri ya Thabeet, nilipomsimulia mimi hakuamini kwamba ulilia.

Kuna mtu wa huku anakuja Dar mwezi Agosti, nimempa mzigo. Ndani mna dawa ya magoti ya Mama, miwani yako, na jezi ya Siakam namba 43, ile nyekundu ya Toronto, niliyoipata kwenye duka la mitumba ikiwa bado nzima. Chini yake utakuta namba 9. Hiyo ametoa mjukuu wako kwenye akiba yake, hakutaka nimsaidie hata senti, na amesema si lazima uivae.

Mwanao akupendaye